Diski iliyobaki bila mwenyewe

Sisi wenye masikio yaliyozoea sebene, tukisikia muziki wa sauti ya chini tunasema haraka kwamba ni muziki wa watu wachovu. Tulisema hivyo hata juu ya Misora, diski ya Kanenobu Sachiko wa Osaka. Tumeisikiliza tena, na tumebadilisha mawazo.

Turudi kwanza nyuma. Kunako mwaka 1970, wanamuziki wa Japani walibishana vikali juu ya luga. Uchida Yuya alitaka roki iimbwe Kiingereza, ili ifike dunia nzima. Kikundi Happy End, ambamo alikuwamo Hosono Haruomi, kikakataa na kuimba Kijapani. Diski zake mbili za kwanza zilitolewa na URC, nyumba ndogo iliyoanza mwaka 1969 kwa kuwatumia wanachama wake diski kwa posta.

Ni URC hiyo iliyotoa Misora mwaka 1972, Hosono akiwa mtayarishaji. Kanenobu alipiga nyuzi za gitare kwa vidole, moja moja, na sauti yake inapita juu sawa mtu anayezungumza na jirani jioni. Hapandishi sauti ili tumuhurumie. Halazimishi luga ifuate gitare; gitare njo inafuata luga. Uzuri wote uko hapo. Kasoro nayo iko: nyimbo zingine zinafanana, na anayesikiliza mara moja tu atazichanganya.

Tena, diski ilibaki bila mwenyewe. Ilipotoka, Kanenobu alikuwa amekwisha kwenda Marekani, na akaacha kuimba kwa miaka mingi. Nani basi angeiimba mbele ya watu? Ilijulikana na wachache, mpaka mwaka 2019 kampuni Light in the Attic ilipoitoa upya huko Marekani.

Walioogopa kwamba Kijapani hakitavuka bahari walikosea. Mwaka 2003 wimbo wa Happy End ulisikika katika filamu Lost in Translation ya Sofia Coppola. Kiisha, Misora nayo ikavuka. Kijapani chao kilibaki vilevile.

Kwa sisi tunaochunga mila, tusipime wimbo kwa makelele ya uwanja tu. Mzee anayeimba polepole nyuma ya nyumba, kwa kiluga chake, tumusikilize angali yuko. Diski iliweza kungoja miaka 47, mtu hawezi.