Mstari mmoja unaogeuza kompyuta kuwa seva: nausifu wapi, naukataa wapi

Tumezoea kuchambua vitabu, filme na muziki. Leo naomba ruhusa nichambue programu, tena programu ndogo sana, ya mstari mmoja. Wengi wetu tunaitumiaka kila juma, tunafundishana kwa mdomo tu, mkubwa anamwonyesha mdogo, na sijaona mtu anayeketi kusema fasi gani iko nzuri na fasi gani iko mbaya. Mstari wenyewe ni huu:

python3 -m http.server 8000

Unafungua terminali ndani ya folda yenye faili zako, unaandika vile, unabonyeza Enter. Basi. Kila mtu aliye kwenye waifai moja na wewe anaweza kufungua kivinjari cha simu yake, kuandika anwani ya mashini yako na ile 8000 nyuma, na kuchukua faili anayotaka. Kwenye Windows wengi wanaandika python au py tu, bila ile 3. Wakubwa wetu waliosoma wakati wa Python 2 waliijua kwa jina SimpleHTTPServer. Ile Python 2 ilimaliza safari yake mwanzo wa 2020, kwa hiyo ukikuta bado mtu anafundisha jina lile, ujue silabusi yake imezeeka.

Nianze na sifa, juu ziko. Neno "seva" limetutisha miaka mingi. Kuna watu wanamaliza masomo ya informatiki wakiamini kwamba seva ni mashini kubwa iliyo ndani ya chumba cha baridi kule Ulaya, yenye kulipiwa dola kila mwezi. Mstari huu unavunja uwongo ule kwa sekunde mbili. Seva ni programu inayongoja swali na kutoa jibu, hakuna kingine. Tim Berners-Lee, mwaka 1990 pale CERN karibu na Geneva, seva ya kwanza ya wavuti aliiendesha juu ya kompyuta ya meza, aina ya NeXT, na alibandika karatasi juu yake kuonya kwamba mashini hii ni seva, mtu asiizime. Unaona? Hata wale wa Ulaya waliogopa mtu kukata courant.

Na kazi ya seva hii ni ya aina moja tu: faili tulivu. Inachukua faili kwenye diski na kuituma jinsi ilivyo, haipiki kitu. Mama wa mikate anakupa mkate ulio kwenye beseni; mama wa malewa anauliza kwanza unataka fufu na nini, ndipo anaingia jikoni. http.server ni mama wa mikate. Ukiweka humo faili ya PHP ukitumaini itafanya hesabu, itakupa maandishi ya PHP yenyewe, mabichi, pamoja na neno la siri la hifadhidata kama umeliandika ndani. Wengi wamelaumu programu kwa jambo hili. Mimi siilaumu, haikuahidi kupika.

Kinachonifurahisha zaidi ni kile kinachoandikwa kwenye terminali wakati wenzako wanachukua faili. Kila ombi linapita mbele ya macho yako: anwani ya aliyeomba, saa, neno GET, jina la faili, kisha namba. 200, amepewa. 404, faili haiko. 304, kivinjari chake kilikuwa tayari nayo na haikubadilika. Utaona pia kivinjari kinaomba favicon.ico, kitu ambacho hakuna mtu aliyekiagiza, na kinapigwa 404. Ni ile picha ndogo ya juu ya kichupo, kivinjari kinaitafutaka chenyewe. Nimekaa kozi nyingi za mitandao na michoro ya mishale ubaoni. Dakika kumi mbele ya terminali ile zinafundisha itifaki ya HTTP kuliko mishale yote.

Sasa tuje kwa mamega, juu hapo ndipo mfuko unauma. Tuseme promosioni iko na watu 60 na CP amepata silabusi ya MB 40. Kila mmoja akiichukua kwenye kundi la WhatsApp, ile ni GB 2 na zaidi imelipwa na wanafunzi, kwa faili ileile, ndani ya chumba kilekile. Flashi nayo inapita mkono kwa mkono ikibeba virusi. Lakini simu moja ikifungua hotspot, kompyuta ya CP ikaunganika nayo, mstari ule ukaandikwa, wenzake wanaingia kwa zamu, wachache wachache, juu simu haikubali watu 60 kwa mara moja, na faili inapita hewani humo humo chumbani bila kugusa unite ya mtu. Sharti moja: mwenye hotspot azime data yake kabla, kama sivyo simu zote zilizoingia zitaanza kujisasisha kwa mamega yake na jioni atalia. Na simu nyingi zitauliza kama unataka kubaki kwenye waifai isiyo na intaneti; jibu ndiyo, kama sivyo itarudi kwa data yake na ukurasa hautafunguka. Kwenye waifai za chuo au za kafe inaweza kukataa kabisa, kwa sababu kuna wanaozifunga ili kifaa kimoja kisione kingine.

Niliona vilevile faida yake kwa utetezi wa TFC. Ukifungua ukurasa wako kwa kubonyeza faili mara mbili, anwani inaanza na file://, na vivinjari vya leo vinakataa mambo mengi kwa njia ile: moduli za JavaScript hazipakiwi, kusoma faili ya JSON kunazuiwa. Mwanafunzi anafikiri kodi yake ni mbovu, kumbe ni mlango tu. Ukipitia http://localhost:8000 inatembea. Ila hapa niwaonye wale wanaosema "mi sina haja ya intaneti mbele ya jury, niko na seva yangu." Seva yako inatoa tu kile kilicho kwenye diski yako. Kama ukurasa unaita Bootstrap au fonti kutoka mtandaoni, siku ile intaneti ikikosekana utaonyesha ukurasa uchi, maandishi meusi juu ya nyeupe, mapangilio yamelala. Pakua faili zile, weka ndani ya folda yako, badilisha njia.

Haya, ubaya wake. Nausema bila huruma.

Ukiiendesha, inaandika kwamba inahudumia 0.0.0.0 porti 8000. Wanaoanza wanafikiri ile ndiyo anwani, wanaiandika kwenye simu, haifunguki, wanakata tamaa. Maana yake ni nyingine: milango yote ya mashini iko wazi. Waifai, kebo, kila fasi. Hakuna neno la siri. Hakuna usimbaji, yaani aliye kwenye waifai ileile na mwenye ujuzi kidogo anaweza kusoma kinachopita. Na folda inayotolewa ni ile uliyosimama ndani yake. Ukifungua terminali mpya bila kuhama, kwa kawaida unakuwa umesimama kwenye folda ya nyumbani, ile yenye kila kitu chako: kadi ya mpiga kura uliyoskani, diploma, picha za familia, barua ya kuomba kazi.

Kuna mwenzetu aliyefanya vile kwenye waifai ya watu wote, kwa nia njema ya kutugawia video ya mafunzo. Kati ya majina ya folda tuliyoona kwenye simu zetu kulikuwa na moja ya kumbukumbu za hospitali za mama yake. Hakuna aliyeifungua, nadhani. Ile "nadhani" ndiyo shida yangu na programu hii.

Tena inaonyesha hata zile faili zinazoanza na nukta, ambazo Linux yenyewe inakufichaka: .ssh yenye funguo zako, .env yenye maneno ya siri, .git yenye historia yote ya kazi yako. Na kama ndani ya folda kuna kiungo kinachoelekea folda nyingine nje, inakifuata bila kuuliza. Waandishi wake hawakuficha jambo. Maelezo rasmi ya Python yanasema wazi isitumiwe kwa kazi ya kweli, ukaguzi wake wa usalama ni wa msingi tu. Sawa. Lakini onyo liko kwenye maelezo ambayo anayejifunza kwa mdomo hatayasoma kamwe. PHP, yenye seva yake ndogo tangu toleo 5.4, inakulazimisha uandike anwani: php -S localhost:8000. Ukitaka kufungua milango yote, ni wewe umeandika kwa mkono wako. Naona PHP ilifikiri vizuri zaidi hapa, na si kila siku nasema neno hili juu ya PHP.

Dawa ipo, haifundishwi tu:

python3 -m http.server 8000 --bind 127.0.0.1 --directory Silabusi

Ile --bind yenye 127.0.0.1 inafunga kila mlango, unabaki wewe peke yako. Nzuri kwa kujaribu TFC. Ukitaka kugawia wenzako, weka hapo anwani ya waifai ya mashini yako (ip addr itakuonyesha, au ipconfig kwa wa Windows). Ile --directory, iliyokuja na Python 3.7, inataja folda kwa jina, hata kama umesimama fasi nyingine. Mimi ningependa kila anayemfundisha mdogo wake mstari ule mfupi amfundishe huu mrefu kwanza.

Ubaya wa pili ni mdogo kwa Ulaya, mkubwa kwetu. Seva hii haijui kuendeleza faili iliyokatika. Video ya MB 700, umefika 650, courant inaenda, unaanza tena kwenye sifuri. Ni sababu ileile inayofanya video ndani ya kivinjari ikatae kuruka mbele: kivinjari kinaomba kipande cha katikati, seva inatuma yote toka mwanzo. Na orodha inayoonyesha ni majina tu, hakuna ukubwa, hakuna tarehe. Ninapataje kujua kama faili ni ya MB 3 au ya GB 3 kabla ya kubonyeza, wakati simu yangu iko na nafasi ndogo?

Kwa kazi ile napenda darkhttpd ya Emil Mikulic. Imeandikwa kwa C, faili moja tu ya kodi, na kwenye Debian na ndugu zake inaingia kwa apt install darkhttpd. Unaandika darkhttpd Silabusi --port 8080, nayo inajua kutuma vipande, kwa hiyo faili iliyokatika inaendelea pale ilipoishia. Kosa lake ni kwamba inapaswa kupakuliwa kwanza, wakati Python mara nyingi iko tayari kwenye mashini ya Linux. Kuna pia zile za Node, http-server na nyingine, zinatembea vizuri, lakini kuleta maktaba zake zote kwa mamega ili kutoa PDF tano, hapana, ule ni utajiri. Na kama unachotaka kugawa ni Wikipedia nzima bila intaneti, acha zote hizi, tafuta kiwix-serve. Ilitengenezwa kwa kazi ile.

Kuna wanaosema http.server ni polepole, mtu mmoja akichukua faili kubwa wengine wanangoja. Ilikuwa kweli. Tangu 3.7 mstari huu unahudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Ukiona bado wanangoja, angalia kwanza toleo la Python, kisha uangalie ile hotspot, juu simu ya kawaida inachoka upesi kuliko programu.

Swali la mwisho, kwa wale wanaoniuliza kila mara kama CP anaweza kukusanya kazi za wanafunzi kwa njia hii. Hapana. Inatoa tu, haipokei. Ukijaribu kuipelekea kitu inajibu 501 na inaendelea na kazi yake. Kwa kukusanya, bado tutabaki na flashi.