Mizani Tano za Kumpima Golikipa: Mfano wa Tim Howard

Tarehe 1 Julai 2014, kwenye uwanja wa Arena Fonte Nova mjini Salvador, Brazil, Ubelgiji iliisakama Marekani kwa dakika 120. Kipa wa Marekani, Tim Howard, alitangazwa kuwa ameokoa mipira 16, na usiku uleule dunia nzima ikaimba jina lake. Timu yake ilifungwa 2-1 na kutolewa kwenye Kombe la Dunia. Baadaye hesabu ilipitiwa upya, na idadi ikashuka hadi 15.

Mpira huo mmoja uliopungua unatosha kumwonya anayependa kupima makipa kwa tarakimu. Hesabu ya mipira iliyookolewa ni kipimo dhaifu. Kipa mwenye mabeki wabovu ataokoa mingi kuliko mwenye mabeki imara. Anayejipanga vizuri humlazimisha mshambuliaji apige nje, na hakuna karatasi inayoandika kazi hiyo. Kanuni ninayoitetea hapa ni nyepesi kuikumbuka: tazama kipa alikuwa wapi kabla ya shuti, kisha tazama mpira ulikwenda wapi baada ya kumgusa. Mengine yote yanafuata hapo.

Nimemchagua Howard kwa sababu maisha yake ya soka yana kila kitu cha kujifunzia: kupanda haraka, kuanguka hadharani, na kusimama tena kwa miaka mingi.

Kwanza, mjue mtu

Howard alizaliwa mwaka 1979 jimboni New Jersey, akakulia North Brunswick. Mama yake ni mzaliwa wa Hungary, baba yake Mmarekani mweusi. Shuleni alicheza soka na mpira wa kikapu kwa pamoja, na hilo si jambo dogo. Kijana aliyezoea kugombea mpira hewani katikati ya watu huja golini akiwa tayari anajua kuusoma unaposhuka na kuupokea kwa mikono iliyonyooka.

Akiwa mtoto aligundulika kuwa na ugonjwa wa Tourette, unaoufanya mwili utikisike na misuli ijivute bila mwenyewe kutaka. Amewahi kueleza kwamba hatari inapokaribia goli lake, mitikisiko hiyo hutulia. Aliingia MetroStars mwaka 1998, akawa kipa bora wa ligi kuu ya Marekani mwaka 2001, na mwaka 2003 Manchester United ikamsajili. Mwishoni mwa msimu wake wa kwanza Uingereza, wachezaji wenzake walimpigia kura akaingia kikosi bora cha mwaka.

Mizani ya kwanza: miguu

Mtazamaji wa kawaida hutazama mikono. Anayejua kazi huanzia chini. Mguu wa mshambuliaji unapogusa mpira, miguu ya kipa iwe imeshatulia: magoti yamekunjwa kidogo, visigino vyepesi, uzito uko mbele ya nyayo, mikono iko wazi usawa wa kiuno. Kipa anayekutwa na shuti akiwa bado anatembea, au ameegemea visigino, hana pa kurukia hata akiwa na mikono ya dhahabu.

Turudi Salvador, dakika ya kwanza kabisa. Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars ya Kenya, anapata upenyo na kuachia shuti la chini. Mpira wa namna hiyo, unaopita jirani na mwili, mkono huwa hauwahi kuufikia, maana lazima kwanza ushuke kutoka kiunoni. Mguu tayari uko pale chini. Howard akaurusha mguu wake na mpira ukagonga na kutoka. Ungeweza kusema ni bahati. Usiku ule aliendelea kuokoa kwa miguu tena na tena, na bahati haijirudii hivyo. Ilikuwa ni miguu iliyotulia kabla ya kila shuti, ikiwa huru kwenda kokote.

Mizani hii ina tahadhari yake. Kipa anayeruka kwa kila mpira anapendeza kwenye picha, lakini jiulize kwa nini alilazimika kuruka. Mara nyingi aliyejipanga vizuri, akasogea hatua mbili mbele kulipunguza goli, huudaka mpira uleule akiwa wima na hakuna anayepiga makofi. Wewe mpigie.

Mizani ya pili: mpira baada ya kuguswa

Kuugusa mpira ni nusu ya kazi. Kipa mwenye ubora anaweza kuudaka na kubaki nao. Akishindwa, aupangue utoke nje ya nguzo au upite juu ya mtambaa panya uwe kona. Na hilo likishindikana pia, ausukume kwa nguvu pembeni, mbali na miguu ya washambuliaji. Kuutema mbele ya goli ni kumpa adui nafasi ya pili.

Somo lake chungu ni la tarehe 9 Machi 2004, Old Trafford. Manchester United inaongoza 1-0 dhidi ya Porto, na matokeo hayo yanaipeleka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Zimebaki sekunde za mwisho, Porto inapata mpira wa adhabu. Anaupiga Benni McCarthy, Mwafrika Kusini ambaye mwaka 2025 alikuja kupewa kazi ya kuinoa Harambee Stars. Howard anaruka, mikono inafika, na kwa takwimu ameokoa. Lakini mpira unabaki ndani ya eneo la hatari, Costinha wa Porto anawahi kabla ya beki yeyote na kufunga. United inatolewa, kocha wa Porto, José Mourinho, anakimbia kando ya uwanja kwa furaha, na mwisho wa msimu Porto inatwaa ubingwa wa Ulaya.

Tazama mkanda wa tukio hilo ukiwa na swali moja tu: kiganja chake kilielekea wapi? Kiganja kinachokutana na mpira kikiwa bapa huurudisha ulikotoka. Kinachogeuzwa pembeni dakika ya mwisho huutoa nje. Tofauti ni ndogo mno kwa macho, na ndiyo inayotenganisha kipa mzuri na kipa mkubwa.

Mizani ya tatu: krosi na sauti

Krosi hupima uamuzi zaidi ya mikono. Kipa atoke au abaki, lakini asiishie njiani. Akitoka, apige kelele mapema ili mabeki wampishe, audake mpira ukiwa juu kabisa ya kichwa chake, goti moja likiwa limeinuliwa kujilinda. Akibaki, abaki kwenye mstari wake akiwa ametulia kusubiri kichwa.

Howard alisifika kwa kupiga kelele. Aliwapanga mabeki wake mechi nzima, hata pale mpira ulipokuwa upande wa pili. Sauti hiyo televisheni haiichukui vizuri, kwa hiyo ukipata nafasi kaa nyuma ya goli. Sikiliza kama kipa anataja majina, kama anasema kabla hatari haijatokea, au anafoka tu baada ya kufungwa. Wa kwanza anaongoza ulinzi, wa pili analaumu.

Mizani ya nne: mpira ukiwa mikononi

Kipa anapodaka, wapinzani kadhaa huwa wamebaki mbele, nje ya nafasi zao. Nafasi hiyo hudumu sekunde chache. Kipa wa kawaida anaukumbatia mpira na kupumzika. Mwenye ubora ameshainua macho.

Hakuna mfano bora kuliko wa tarehe 23 Juni 2010 mjini Pretoria. Marekani na Algeria ni 0-0, dakika 90 zimekwisha, na sare inaitoa Marekani kwenye Kombe la Dunia. Algeria wanapiga kichwa, Howard anadaka. Hapo hapo anaurusha mpira kwa mkono, mrefu, hadi kwa Landon Donovan anayekimbia upande wa kulia. Donovan anakokota, anampasia Jozy Altidore, krosi inamfikia Clint Dempsey, kipa wa Algeria anazuia, na Donovan anaumalizia wavuni. Bao hilo la dakika ya 91 liliipa Marekani uongozi wa kundi mbele ya Uingereza. Watu wanamkumbuka mfungaji. Mimi ninakumbuka kwamba mpira ulimkuta Donovan mbele yake, bila kumlazimu asimame wala kugeuka. Hicho ndicho kipimo cha mrusho mzuri.

Mizani ya tano: mechi inayofuata

Kila kipa atakosea, na kosa lake litaonekana kwenye ubao wa matokeo. Ndiyo maana ubora wake hauthibitiki kabla hajaangushwa. Baada ya usiku wa Porto, Howard alipoteza uhakika wa namba yake. Mwaka 2005 kipa mwingine, Edwin van der Sar, akasajiliwa, na mwaka 2006 Howard akapelekwa Everton kwa mkopo. Angeweza kupotea. Badala yake alicheza mechi 414 kwa klabu hiyo hadi mwaka 2016. Mwaka 2009, kwenye Kombe la Mabara Afrika Kusini, hakuruhusu bao Marekani ilipoilaza Hispania 2-0 mjini Bloemfontein, na akaondoka na tuzo ya kipa bora wa mashindano. Alistaafu timu ya taifa akiwa na mechi 121.

Yasiyofaa kupimia

Penalti husisimua lakini zina kubahatisha kwingi. Howard alipangua za Dimitar Berbatov na Rio Ferdinand kwenye nusu fainali ya Kombe la FA mwaka 2009, Everton ikaitoa Manchester United. Ni kumbukumbu tamu, ila usimpime kipa kwa hizo peke yake.

Bao la kipa nalo lisikudanganye. Tarehe 4 Januari 2012, Howard aliupiga mpira kutoka kwenye eneo lake, upepo ukaubeba, ukadunda na kumpita kipa wa Bolton. Hakushangilia, kwa kuwa alijua vizuri jinsi mwenzake alivyojisikia. Goli lile halisemi chochote kuhusu ufundi wake, ila ule ukimya unaonyesha anaifahamu kazi yake.

Hukumu

Kwa mizani hizi, Howard alikuwa hodari sana kwa mashuti ya karibu, kwa kuokoa kwa miguu na kwa kurusha mpira. Hakufikia utulivu wa Van der Sar wa kucheza mpira kwa miguu, na katika miaka yake ya mwanzo alipangua mipira ambayo angeweza kuidaka. Ukiniuliza thamani yake, nitakutajia miaka kumi ya Everton kabla ya ule usiku mmoja wa Brazil.

Utakapokwenda uwanjani tena, iwe ligi kuu au mechi ya mtaani, acha kuufuata mpira kwa dakika kumi. Mwangalie kipa tu: miguu yake kabla ya shuti, kiganja chake wakati wa kupangua, sauti yake kabla ya kona, macho yake baada ya kudaka. Na akifungwa kizembe, usimzomee. Subiri uone atakavyousimamia mpira unaofuata, ndipo utoe hukumu.