Tenga Lisilo na Kitako

Katika vyombo vyote vya uvuvi vya Ziwa Turkana, ninachokiheshimu kuliko vingine ni tenga lisilo na kitako. Halina ndoana, chambo wala uzi. Ni fito zilizosimamishwa kwa duara na kufungwa pamoja, chini pana, juu pembamba, pote wazi. Mvuvi huingia majini hadi magotini, pengine kiunoni, akalishindilia tenga chini kwa ghafla, kisha akapitisha mkono kwa juu na kupapasa. Samaki aliyefungiwa humo hutolewa kwa mkono mtupu.

Chombo hiki humfaa tu mtu anayemjua samaki. Ziwa ni pana na upepo wake wa alfajiri ni mkali. Tenga haliwezi kulitafuta lote. Lazima mvuvi ajue samaki atakuwa wapi, na kwa nini. Delta ya Mto Kerio ndiyo shule yenyewe. Mto huo hushuka kutoka upande wa Elgeyo na Tugen, ukapita nchi kame, na huku chini hukauka sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ikinyesha milimani, maji ya udongo humwagika ziwani, kina kifupi kikatanuka, nyasi zikazama, na samaki wakasogea ufukweni kuzaa.

Ngege ndiye wa kutazamwa zaidi. Mwili wake ni bapa, mkia una mistari iliyosimama, na dume akitaka kuzaa hupata wekundu. Huchimba shimo la mviringo mchangani, mfano wa sinia, akalilinda kwa ukali. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai yote na kuyaweka kinywani. Kwa siku nyingi hayuko huru kula. Hata vifaranga wakianguliwa, hatari ikitokea hurudi mbio kinywani mwa mama. Huko baharini, kwenye majani ya pwani yetu, yuko samaki mwembamba mwenye pua ndefu, jamaa ya farasi-bahari, ambaye dume ndiye hubeba mayai tumboni. Napenda kuwafikiria hao wawili pamoja, kwa sababu malezi yao yote yanategemea maji ya kina kifupi yenye maficho.

Mvuvi wa tenga anaujua mwenendo huu wa ngege kwa miguu yake. Hutembea polepole asiyatibue maji, akayatazama mashimo ya ngege na mtikisiko wa nyasi. Na kwa kuwa samaki humfikia mkononi akiwa hai, anaweza kumrudisha aliye mdogo. Wavu mara nyingi haumpi mtu nafasi hiyo.

Inaniuma kusikia kwamba Waturkana walifundishwa kuvua. Ni kweli kwamba baada ya ukame na njaa ya mwaka 1960 na 1961, wafugaji waliopoteza mifugo walipelekwa ufukweni na kuhimizwa kutumia nyavu. Lakini kuna waliokuwa wakivua kwa tenga kabla ya hapo, hasa maskini wasio na ng'ombe, na umaskini huo ndio uliofanya ujuzi wao usihesabiwe. Huko Lothagam, karibu na Mto Kerio, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua ncha za chusa za mfupa zenye miiba, za maelfu ya miaka iliyopita, wakati ziwa lilipokuwa juu zaidi. Waliozichonga hawakuwa Waturkana, waliofika baadaye sana. Hata hivyo ufukwe huu haujawahi kumngoja mgeni aje kuueleza samaki.

Wanawake wa delta ya Kerio husuka vikapu vya makuti ya mkoma, na vikapu hivyo vimepata soko na sifa, mjini Lodwar na mbali zaidi. Vinastahili. Tenga la mvuvi halijapata soko wala sifa kama hizo, lakini mikono iliyolitengeneza ilijua mengi vilevile. Na aliyelibeba aliingia nalo kwenye maji ambayo mamba pia huwinda, akiinama kupapasa asichokiona.