Shaba ya Goya

Mjini Madrid, katika Calcografía Nacional iliyoasisiwa mwaka 1789, yamehifadhiwa mabamba ya shaba ambayo Francisco de Goya aliyachora kwa sindano na tindikali. Miongoni mwao yamo yale ya Los Desastres de la Guerra, aliyoyashughulikia baina ya 1810 na 1820. Mchoraji alifariki mwaka 1828. Toleo la kwanza, lenye picha 80, likatoka 1863. Ukiondoa chapa chache za majaribio, kwa miaka 35 baada ya kifo chake kazi hiyo iliishi ndani ya shaba tu.

Kwa hiyo siafikiani na wanaoliona bamba kuwa ni chombo, kama chano kinachosahauliwa baada ya kupakuliwa. Bamba lina habari zisizochapika. Shaba ilipoadimika wakati wa vita, Goya alikata mabamba mawili aliyokwisha kuyachora mandhari, akavitumia vipande kuchorea mateso ya watu. Karatasi haikwambii hayo.

Los Desastres ilichapwa mara saba, ya mwisho mwaka 1937. Kila shinikizo la mashine huilaza shaba kidogo, na vile vivuli laini vya akwatinti, ambavyo ni vishimo vidogo mno, ndivyo vinavyotangulia kufa. Karne ya 19 ilileta dawa: kulivisha bamba utando mwembamba wa chuma kwa nguvu za umeme. Dawa hiyo huchelewesha kuchakaa. Haikirudishi kilichokwisha kulika. Anayeinunua chapa ya mwisho akidhani ameinunua giza la Goya, amenunua kivuli cha kivuli.

Na kuweka nako kuna kazi yake. Sisi wa pwani, wenye madele ya kahawa, twaijua kutu ya kijani. Wino mkavu usafishwe kabla haujaziba mistari, bamba likaushwe, lipakwe nta nyembamba, lifungwe kwa karatasi isiyo na asidi, lisisuguane na jirani yake. Kidole kitupu huacha jasho, nalo huila shaba. Hata kabati la mwaloni, pamoja na fahari yake, hutoa mvuke wenye tindikali.

Kwa maoni yangu mabamba haya yasirudi tena mashineni. Yawekwe wazi kando ya chapa za 1863, mtazamaji amwone mfungwa yule yule akielekea kushoto katika shaba na kulia katika karatasi.