Mzee Ojwang, Mkongwe wa Vichekesho vya Televisheni

Benson Wanjau, aliyejulikana kote Kenya kama Mzee Ojwang Hatari, ni miongoni mwa waigizaji waliojenga vichekesho vya televisheni kwa Kiswahili. Alipata umaarufu katika Vitimbi, mchezo wa mfululizo uliorushwa na Sauti ya Kenya, shirika ambalo baadaye liliitwa KBC. Mary Khavere aliigiza mkewe, Mama Kayai, na ugomvi wa wawili hao ulizoeleka sebuleni kwa miaka mingi.

Ufundi wake mkubwa ulikuwa katika lafudhi. Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini Ojwang alikuwa Mjaluo kwa jina, kwa matamshi na kwa majivuno, na watazamaji wengi waliamini hivyo ndivyo alivyozaliwa. Kuiga kabila la mwenzako mbele ya taifa zima ni kazi ya hatari. Yeye aliifanya kwa upendo, ndiyo maana Wajaluo wenyewe walimpenda.

Kizazi cha wachekeshaji kilichofuata kilipanda jukwaani bila wenzi wala mandhari, kila mtu na kipaza sauti chake. Daniel Ndambuki, yaani Churchill, alikifungulia mlango kupitia televisheni, na lafudhi za makabila zilibaki mtaji wao mkuu.

Uzeeni Wanjau alisumbuliwa na macho, na Wakenya wakamchangia fedha za matibabu. Malipo ya waigizaji wa enzi yake hayakulingana kamwe na furaha waliyoitoa. Alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015.