Yeremia 29 haianzi kwenye mstari wa 11

Kwenye makanisa ya kambini kuna mstari mmoja wa nabii unaopendwa kuliko yote: Yeremia 29:11, ile ahadi kwamba Mungu amewapangia watu wake mema na kesho yenye tumaini. Unauona kwenye fulana za kwaya, ukutani, hata kwenye simu za vijana. Mimi pia naupenda. Lakini tumeukata kutoka kwenye barua, halafu barua yenyewe tumeitupa.

Maana ile sura ni barua. Mwaka 597 KK Nebukadneza wa Babeli alichukua mateka kutoka Yerusalemu: mfalme Yekonia, mama yake, wakuu na mafundi. Wao walichukuliwa, sisi tulikimbia, tofauti ipo. Yeremia alibaki Yerusalemu, akawaandikia. Anza mstari wa 5: anawaambia wajenge, walime bustani, waoe na waoze, wauombee mema mji ule walimo. Mstari wa 10 anataja miaka 70. Ndipo unafika mstari wa 11. Yaani ahadi ile tamu waliandikiwa watu ambao wengi wao wangezikwa Babeli. Jamani, nani angechapa miaka 70 kwenye fulana?

Sasa rudi sura ya 28, umuone Hanania. Huyu naye alijiita nabii, na alitabiri mbele ya watu hekaluni: miaka 2 tu, mateka wote watarudi. Akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Yeremia kwanza aliitikia amina, kwa sababu naye alitamani iwe hivyo. Lakini haikuwa kweli.

Akina Hanania tunao. Mtu anasimama kwenye maombi anatangaza kwamba mwezi huu majina ya kwenda nchi ya tatu yanatoka. Kwenye kazi yangu nimeona kijana akiacha darasa la ushonaji eti kesi yake imeiva. Miaka inapita, cherehani amepewa mwingine, na yeye bado anasubiri kuitwa intavyu.

Wakristo tumefundishwa kwamba kazi ya manabii ilikuwa kumtabiri Yesu. Sibishi. Waebrania 8 inachukua maneno ya Yeremia 31 juu ya agano jipya, na ndiko lilikotoka jina la sehemu ya pili ya Biblia yetu. Mathayo 2, palepale anapoeleza Yesu alivyokimbiziwa Misri, anakumbuka kilio cha Raheli alichokiandika Yeremia. Lakini kilio kile kilikuwa kwanza cha watu wa Yeremia mwenyewe, waliopelekewa watoto wao mbali. Tukisahau hilo, nabii anabaki mpiga ramli tu, na kila mtu anaanza kumtafuta wa kwake amtabirie safari.

Hata hivyo, barua nayo ina ugumu wake. Yeremia hakuwa Babeli. Ni rahisi kumwambia mwenzako avumilie wakati wewe uko kwenu. Shemaya, mmoja wa waliokuwa uhamishoni, alikasirika mpaka akaandika Yerusalemu akitaka Yeremia afungwe. Simuungi mkono, ila hasira yake naielewa. Tena barua inachukulia kwamba mateka wanaweza kujenga na kulima. Ndugu zetu wa mashirika, mnapotuhimiza kujitegemea, mkumbuke kwamba bustani inataka ardhi, na biashara inataka kibali cha kutoka.

Mwaka 539 KK Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli, na Wayahudi wakaruhusiwa kurudi. Wengi wa waliorudi walikuwa watoto na wajukuu wa wale mateka. Kama wazee wao wangemsikiliza Hanania, wakakaa juu ya mizigo bila kuoa wala kupanda, nani angerudi?

Wachungaji wetu, naomba Jumapili moja barua hii isomwe yote, kuanzia mstari wa 1, pamoja na ile miaka 70. Vijana wanaweza kuubeba ukweli huo. Na atakayetoka hapo akarudi kwenye cherehani yake, msimwambie amepungukiwa imani.