Sidii ya Mjomba na Chozi la Heri

Pale kwetu Suneka, kando ya barabara ya Kisii kwenda Migori, mjomba alikuwa na sidii ya benga iliyokwaruzika vibaya. Ajabu, ilicheza tu. Siri niliijua baadaye. Tangu sidii zianze kuuzwa mwaka 1982, vipande vya muziki haviandikwi kwa mfuatano. Vinapishanishwa na kutawanywa, halafu vinaongezewa vipande vya ziada vya kukagulia makosa. Mafundi huita intalivingi. Mkwaruzo ukipita unakula kidogo hapa, kidogo pale. Haumezi kipande kizima.

Niliikumbuka nikisoma upya Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei ya 2014. Si tuliisoma shuleni tukilalamika kwamba wahusika ni wengi mno? Ridhaa, aliyepoteza jamaa zake kwenye moto baada ya uchaguzi. Kaizari kambini. Umu na nduguze, Dick na Mwaliko, waliotenganishwa. Kisa kinaanza, kinakatwa, kinarudi mbele huko. Leo naona kupishanisha huko ndiko nguvu ya kitabu. Msiba ungebebwa na Ridhaa peke yake, tungemhurumia tukafunga kitabu. Ukishatawanywa, kila mmoja anakuwa shahidi wa mwenzake.

Shangazi yangu alirudi Suneka mapema 2008 kutoka Bonde la Ufa, na mfuko mmoja. Hajawahi kutusimulia mwanzo hadi mwisho. Kipande kimoja tukichambua maharagwe, kingine ndani ya matatu, kingine matangani. Kuunganisha ni kazi yetu.

Ndiyo maana mwisho wa riwaya unanisumbua. Matei anawakutanisha watoto wote watatu, sadfa juu ya sadfa. Sasa sikia: mkwaruzo ukizidi kiasi, mashine ya sidii hukisia. Huangalia sauti ya kabla na ya baada, ikajaza pengo, nawe hushtuki. Mwisho ule ni wa namna hiyo. Ni mtamu, lakini ni makisio.

Shangazi ana siku tatu ambazo hakuna mwenye kipande chake. Akifika hapo hunyamaza, akaendelea na maharagwe yake. Natamani riwaya ingethubutu kunyamaza hivyo.

Hata hivyo, isomeni tena. Safari hii hakuna mtihani.